Maelfi na miungu yao: tubaki na ya kitabuni, tubadili majina, au tujenge upya?

Poroto20 (Mbeya)
Wakuu, salaam. Tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kusimulia hadithi na kurusha dadu, kila Jumamosi hapa Soweto, mimi ndiye msimulizi. Nimekwama kwenye maelfi, viumbe wa kubuni wanaofanana na watu na kuishi mamia ya miaka (naandika "maelfi" ili yasichanganywe na elfu ya hesabu).

Wiki mbili zilizopita alikuja mdogo wetu mmoja, mara yake ya kwanza. Nikamtajia koo zao: wa juu, wa msituni, na madrow wanaoishi chini ya ardhi. Nikamsimulia kama hadithi ya zamani inavyokwenda: Lolth, mungu wa buibui, alimsaliti Corellon, mungu mkuu wa maelfi, akashindwa, wafuasi wake wakafukuzwa chini ya ardhi na ngozi zao zikawa nyeusi. Alikuwa ameshika penseli na jina la mhusika wake ameshaliandika. Akaiweka penseli mezani. "Kwa hiyo kaka, weusi ndiyo adhabu yenyewe?" Mvua inapiga bati, sisi tumekaa kimya. Sikuwa na jibu, na Jumamosi iliyofuata hakuja.

Naona njia tatu. Kwanza, kuacha yote yalivyo ila niruke habari ya ngozi. Pili, kubadili majina ya miungu yawe ya huku kwetu. Tatu, kuvunja na kujenga upya. Mliowahi kujaribu, nisaidieni.

dadu_mkononi (Njombe)
Mimi naitetea ya kwanza. Corellon ni mungu mzuri kumchezesha: hana umbo moja, si mwanamume wala mwanamke, hubadilika apendavyo. Ukimtupa unapoteza kitu. Halafu vijana wako kesho watacheza mtandaoni na watu wa nchi nyingine, wakitaja Corellon wanaelewana papo hapo. Habari ya ngozi ifute bila kuomba ruhusa. Wachapishaji wenyewe mwaka 2020 walitangaza kwamba wanabadili jinsi ya kuwaonyesha madrow na maorki (viumbe wengine wa mchezo huu), wawe watu wenye wema na ubaya kama wengine.

kamwene_sana (Iringa)
Kamwene wote. Kaka Poroto, ya pili naomba uiache kabisa. Kyala ndilo jina ambalo Mnyakyusa analitumia kanisani kumwita Mungu, na Nguluvi kwa Wahehe ni hivyohivyo. Bibi yangu anasali kwa jina hilo asubuhi na jioni. Siwezi kukaa mezani nikasikia amepigwa dadu ya pande 20 kuona kama atajibu.

Ukitaka vya kwetu, chukua mahali. Hapa mjini tuna Gangilonga, maana yake jiwe linaloongea, na wazee husimulia kwamba Mkwawa, mtemi wa Wahehe, alikuwa akienda pale kutafakari. Mungu wa maelfi anaweza kuwa jiwe la namna hiyo: hana sura, hana ukoo, ukikaa kimya muda wa kutosha anasema. Elfi hasinzii kama sisi, anatulia kwa muda wa saa nne tu kila usiku akiwa macho nusu. Mweke juu ya jiwe saa hizo nne. Hiyo ndiyo sala yake.

TukuyuBaridi (Rungwe)
Dada wa Iringa kasema kweli. Nami naongeza kwamba kubadili majina hakuondoi tatizo, maana awe amelaani Corellon au mungu mwingine, laana inabaki palepale kwenye ngozi. Ugomvi wenyewe ndio ubadilishwe.

Wazee wetu Wanyakyusa walikuwa na vijiji vya rika. Mvulana akifika miaka kumi hivi alihama kwa wazazi, akajenga na wenzake, wakaoa na kuendelea kuishi pamoja. Kizazi kilipofika zamu yake ilifanyika sherehe kubwa ya kuwakabidhi vijana nchi, na wazee wakasogea pembeni.

Sasa piga hesabu. Elfi anaishi mpaka miaka 750, na huhesabiwa mtu mzima akifika 100 hivi. Weka sherehe ya kukabidhi kila baada ya miaka 300. Utakuwa na elfi wa miaka 280 ambaye hajawahi kusikilizwa barazani hata siku moja! Wa juu ni rika linalotawala. Wa msituni ni rika linalosubiri. Na kila rika lina mungu wake, ambaye naye anatakiwa kupisha. Corellon alikataa kupisha. Lolth hakusaliti mtu, alidai zamu yake, akanyimwa, akaondoka na watu wake. Rangi haina nafasi humo. Elfi wa rika lolote awe na ngozi yoyote.

dadu_mkononi
Hapo umenigeuza. Corellon anabaki na uzuri wake wote, na bado ana kosa. Ila huko chini wanaishi kwa kula nini? Njaa ndiyo inayoanzisha vita.

Ukinga_juu (Makete)
Wanakula mizizi. Kitulo kwetu, ile mnayoiita Bustani ya Mungu, kuna okidi ambazo watu huchimba viazi vyake kutengeneza chakula kiitwacho chikanda, vingi huvushwa kwenda Zambia. Ukishang'oa kiazi, ua halirudi. Nimepita mahali penye vishimo tu, udongo bado mbichi, majani yamelala ubavuni. Madrow wawe walinzi wa hivyo viazi. Wa juu wanapenda maua na wanachimba chakula cha wenzao, tena wanaita sherehe.

Poroto20
Ndaga fijo, asanteni sana! Nimeandika usiku wote. Naenda na ya tatu: majina ya Corellon na Lolth yanabaki, Kyala haguswi, rika linaamua koo, na jiwe la Iringa ndipo maelfi wote wanaposali, wa juu na wa chini. Mchezo unaanzia kando ya ziwa Ngozi, ndani ya kreta ya volkano, ukungu umeshuka, na mtoto wa madrow amesimama na kapu la viazi vilivyong'olewa akiuliza nani amevichimba.

Nimempigia yule mdogo wetu nikamsomea mwanzo huo. Akauliza kama anaweza kuwa huyo mtoto. TukuyuBaridi, nisaidie kitu kimoja kabla ya Jumamosi: siku ya kukabidhi nchi, nani anaanza kusema, mzee au kijana?