Mate na wanga: rangi yapotea halafu yarudi, tumekosea wapi?

MamaSalma_Likoni:
Asalaam aleikum wenzangu, naomba msaada manake kesho mwanangu apeleka kazi ya sayansi shule na mimi hayo mambo niliyaacha zamani. Amechemsha kijiko cha unga wa muhogo ikawa uji mwepesi, akatia mate yake na matone ya ayodini hapo hapo ukiwa bado wachemka. Ile bluu nyeusi ya ayodini ikikuta wanga haikutokea, tukafurahi wallahi, tukajua mate yashamaliza wanga. Twarudi nusu saa baadaye uji umepoa, bluu imejaa kikombe! Wanga umerudi vipi? Mtoto amenuna hataki hata kula.

Bwana_Tudor:
Ayodini imeekspaya hiyo, nunua ingine chemisti

Mwl_Kisauni:
La, ayodini ni nzima, ingekuwa mbovu bluu haingetoka kabisa. Dada, tatizo ni joto, tena mara mbili. Ayodini kwenye wanga wa moto haionyeshi rangi, ukipoa ndio yatokea, kwa hivyo wanga ulikuwepo tangu mwanzo. Halafu mate yana enzaimu, yaani kitu cha kumeng'enya chakula, iitwayo amilesi, nayo ni protini, ukiichemsha yaharibika umbo kama yai, likishaiva hata ulipoze halirudi bichi. Poza uji uwe vuguvugu kama mwili, digrii 37 hivi, ndio atie mate akoroge. Ayodini asiitie kwenye kikombe! Achote tone kila dakika mbili aweke kwenye sahani nyeupe, alitonee ayodini hapo. Na kikombe cha pili kisitiwe mate, cha kulinganisha. Asionje chochote kilichoguswa na ayodini tafadhali.

DadaWaMajengo:
Kwani mwalimu, muhogo wa pale Lighthouse Mombasa, ule wa ndimu, ukiutafuna sana waanza utamu, ndio hii amilesi?

Mwl_Kisauni:
Ndio hiyo, yaukata wanga kuwa maltosi, sukari ya glukosi mbili zilizoshikana. Ila jaribu bila ndimu, asidi yaidhoofisha. Hata tumboni asidi ndio yaizima, mpaka chakula kifike utumbo mwembamba, kongosho limwage amilesi nyingine, na huko kuna enzaimu nyingine, maltesi, ya kuipasua maltosi iwe glukosi iingie damuni.

MamaSalma_Likoni:
Mwalimu Mungu akuzidishie. Tumerudia, tone la kwanza bluu, la tatu limepauka, la tano limebaki na kahawia ya ayodini tu, na kikombe kisicho na mate bado bluu vile vile. Saa hii aandika, sahani ya wali ishaisha.