VX 100 yenye AHC inagonga nyuma: ning'oe niweke springi za kawaida?

Dereva wa Babati
Wakuu habari. Nina Land Cruiser VX ya 2003, ile yenye AHC, mfumo wa hidroliki wa kupandisha na kushusha bodi kwa kitufe. Kwenye lami iko poa, ila barabara ya vumbi nyuma inagonga kama haina shokapu. Nimeiweka Comfort, hali ya shokapu laini, hakuna tofauti. Fundi anasema mfumo umekufa, ning'oe wote.

Fundi Rehema
Mdogo wangu, asiguse mtu spana kwanza. Bodi bado inapanda? Kama inapanda, pampu inafanya kazi. Mimi nashuku globu, yale matufe ya chuma ya mfumo. Kila tairi ina yake: upande mmoja wa kiwambo kuna naitrojeni, upande wa pili mafuta. Tairi ikipiga shimo, gesi ndiyo inayobonyea. Ikiisha, mafuta hayabonyei, pigo lote linakuja mgongoni kwako.

Simamisha gari mahali tambarare, injini ikiunguruma. Weka L (bodi chini), soma alama za mafuta kwenye tangi lake, kisha weka H (bodi juu) usome tena. Globu nzima zinashusha mafuta kama alama 14. Zikishuka 7 au chini, zimekwisha.

Kijana wa Tegeta
Mimi niling'oa, sijutii. Spea za kawaida ziko kila duka.

Fundi Rehema
Sawa kaka, lakini tosheni za mbele, zile fito za chuma zinazojisokota badala ya springi, ulibadilisha? Za gari ya AHC ni nyembamba kwa sababu mafuta yanabeba sehemu ya uzito. Ukitoa mafuta ukaziacha, pua inalala. Tena unapoteza kitu kizuri mno: kompyuta inasoma usukani, breki na urefu wa bodi, inakaza au kulegeza shokapu ukiwa kwenye mwendo. Ukipakia magunia nyuma, gari inajinyanyua yenyewe ikae sawa. Si mfumo unaojiendesha kikamilifu kama wa Williams FW14B, gari la Formula 1 alilochukulia ubingwa dereva Mansell 1992, ambayo hidroliki ilikuwa ikisukuma kila tairi, lakini kwa gari zito hivi ni kazi ya heshima.

Dereva wa Babati
Dada asante, zimeshuka alama 5 tu.

Fundi Rehema
Basi ni globu. Ila kagua na springi za nyuma kabla hujaagiza. Zikiwa zimelegea, presha ya mafuta inapanda, gesi inabanwa, na hata globu mpya zitakuwa ngumu. Na mafuta yawe ya AHC yenyewe. Wakitaka kukujazia ya stelingi, kataa.