Osmo Pocket 3 au Sony ZV-1F? Nina milioni moja na laki nne, naomba ushauri kabla sijatoa hela

MwanaTanga
Habari zenu wakuu. Nataka kamera ndogo ya video, ya kuingia mfukoni. Nimechuja mpaka zimebaki mbili: DJI Osmo Pocket 3 na Sony ZV-1F. Nina milioni moja na laki nne, nikijibana naweza kuongeza kidogo. Kuna jamaa yangu anashuka Dar wiki ijayo, nataka nimpe hela akanichukulie Kariakoo. Ipi bora? Nawasilisha.

LenziKali
Mkuu, bora kwa kazi gani? Unarekodi nini, wapi, unatembea nayo au unaisimamisha mahali? Maiki unayo? Video zinakwenda YouTube, WhatsApp au ni za wateja? Usipotuambia hayo kila mtu hapa atakutajia kamera anayoipenda yeye.

Nyakahoja
Pocket 3, wala usijisumbue kutafuta nyingine. Nimezunguka nayo Mwaloni Kirumba asubuhi watu wanasukumana na matenga ya dagaa, picha imetulia tuli. Kichwa chake kinashikiliwa na vimota vinavyokwenda kinyume na mkono wako, siyo programu inayokata kingo za picha kama kwenye simu. Sensa (kile kipande kinachonasa picha) ya inchi moja, 4K mpaka fremu 120, yaani picha 120, kwa sekunde, uzito gramu 179. Ukigeuza kioo inawaka yenyewe, huhangaiki na vitufe.

LenziKali
Hayo yote ni kweli na bado hatujajua mtu anarekodi nini. ZV-1F nayo ina sensa ya inchi moja, na lenzi zote mbili ni za upana ule ule, milimita 20 kwa hesabu ya kamera kubwa za fremu kamili, na uwazi wa kuingiza mwanga ni f/2. Kwa hiyo kwenye sura ya picha tofauti siyo kubwa. Tofauti iko kwenye utulivu, ambapo Pocket inashinda waziwazi, na kwenye sauti: Sony ina tundu la maiki la milimita 3.5, na ndani ya boksi kuna manyoya ya kuzuia upepo. Pocket haina tundu hilo. Utatumia maiki isiyo na waya ya DJI wenyewe, au upitie tundu la USB-C.

Bin Seif wa Muscat
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nitazungumzia bei. ZV-1F ilipotoka mwaka 2022 ilitangazwa kwa dola 499, na Pocket 3 ilipotoka Oktoba 2023 ilitangazwa kwa dola 519, bila maiki. Mtu akikuuzia "mpya" kwa nusu ya hapo, muulize imetoka wapi. Pocket 3 mara ya kwanza inasajiliwa kwa programu ya simu, DJI Mimo, basi mwambie huyo jamaa yako aisajili palepale dukani kabla hajalipa. Ikikataa, aiache. Na kama una mtu anapita Dubai au huku kwetu, mlinganishe bei, ila ukumbuke ikiharibika dhamana utaifuata mbali.

MwanaTanga
Asanteni sana. LenziKali, nijibu maswali yako. Mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Tanga, nafanyia kazi Deep Sea, na mara nyingine Pangani. Mashine zetu nyingi ni Yamaha za kufunga nyuma ya boti. Vijana wengi wanakuja kujifunza na siwezi kumshika kila mmoja mkono, tena nahodha akikwama Moa au Kigombe ananipigia simu nimwelekeze kwa mdomo kitu ambacho angekiona mara moja angeelewa. Nataka nirekodi masomo mafupi: kusafisha kabureta, kubadilisha impela ya pampu ya maji, mashine inawaka lakini ukiipa mafuta inakufa. Nawatumia WhatsApp, baadaye labda YouTube. Nusu nitarekodi bandani, nusu majini, boti ikitembea. Maiki sina.

LenziKali
Sasa ndiyo umeuliza swali. Ungeanza na hilo.

Kisauni
Ndugu yangu wa Tanga, hebu sikiza. Maji ya chumvi, mchanga, mafuta ya mashine, kisha unataka kupanda botini na kitu chenye kichwa kinachozunguka kwa vimota vidogo? Pocket 3 haihimili maji, ZV-1F haihimili maji. Tone moja la bahari likiingia kwenye maungio ya kile kichwa hesabu umeaga. Mimi huku Mombasa napeleka wageni kuzamia, natumia Osmo Action 4. Inashuka mita 18 bila kasha, betri unaitoa na kuweka nyingine, na bei yake ilianza dola 399. Hela inayobaki unanunua maiki na memori kadi ya maana. Tena ikishamaliza kazi unaisuuza kwa maji yasiyo na chumvi tu.

Nyakahoja
Kisauni umeongea vizuri, lakini hata kwenye mtumbwi ziwani mimi naitoa Pocket, naifunga mkanda mkononi, na haijawahi kunisumbua.

Kisauni
Ziwa ni maji matamu, bwana. Chumvi haikusumbui leo, inakula polepole. Fundi mwenyewe anajua inavyofanya kwenye bolti.

LenziKali
Naungana na Kisauni kwa habari ya maji, lakini kuna jambo hajaligusa, na kwa kazi hii ndilo kubwa kuliko yote. Mkuu anataka kuonyesha kabureta. Jeti ya kabureta, kile kipande kinachopitisha mafuta, ina kitundu kidogo kuliko ncha ya kalamu, na namba yake imechongwa pembeni. Action 4 ina fokasi ya kudumu, haisogei. Ukiileta karibu kabisa na kitu, picha inakuwa na ukungu. Pocket 3 inaanza kuona vizuri kuanzia sentimita 20. ZV-1F inasogea mpaka karibu sentimita 5. Mwanafunzi atakayetazama kwenye simu yenye kioo kilichopasuka hataiona namba ya jeti kama kamera imekaa mbali. Fokasi ya ZV-1F ni ya taratibu, wanaoipiga vita wanasema kweli kwa hilo, ila kabureta haikimbii.

MwanaTanga
Hapo umenigusa. Jeti ndiyo kila kitu. Kijana akiipekecha kwa waya ili kuizibua, kitundu kinapanuka, na boti inakula mafuta mpaka mwenye boti anafukuza watu. Hilo ndilo somo la kwanza nililotaka kurekodi.

Mzee wa Filamu
Vijana, naomba mnisikilize. Picha isiyopendeza mtu anaivumilia, sauti mbaya anaifunga. Upepo wa kusi ukianza hapo Tanga, maiki ya ndani ya kamera yoyote katika hizo tatu itanguruma tu. Fundi ananong'ona "legeza hapa", mtazamaji anasikia dhoruba. Kwanza nunua maiki ya kubana kwenye kola, iwe na manyoya. Kisha tumia simu uliyonayo kwa muda. Kamera itafuata.

Tena hivi vikamera vya mfukoni siyo vipya kama mnavyodhani. Kulikuwa na Flip, kitufe kimoja chekundu, na chomeo la USB linachomoza ubavuni kama kisu cha kukunja. Cisco, wale wa vifaa vya mtandao, waliinunua kampuni iliyoitengeneza mwaka 2009 kwa dola milioni 590, na Aprili 2011 wakaifunga. Simu ndizo zilizoiua. Kodak nao walikuwa na Zi8, ndogo, bei rahisi, na ilikuwa na tundu la maiki wakati wengi wengine hawana. Nimerekodi mashairi ya wazee wengi kwa ile Zi8 na mpaka leo ukisikiliza unamsikia mzee anavuta pumzi. Picha zake zimezeeka, sauti haijazeeka.

Nyakahoja
Mzee shikamoo. Ila simu majini inaingia maji vilevile.

Mzee wa Filamu
Marahaba. Majini arekodi kidogo. Somo liko bandani.

Mama Send-off
Naomba niseme kuhusu memori kadi, kwa sababu mnaongelea kamera tu na hamtaji pale mtu anapolia.

Mimi narekodi send-off na kitchen party hapa Dodoma. Kuna sherehe moja kubwa, mama mzazi wa binti alisafiri kutoka mbali na alikuwa mgonjwa, familia walitaka kila neno lake lirekodiwe. Nilinunua kadi ya GB 256 kwenye duka moja, imefungwa kwenye pakiti yake, chapa inayojulikana, bei ya kawaida, siyo ya kutupa. Kamera ikaisoma GB 256. Nikajaribu dakika kadhaa, ikacheza safi. Sherehe ikaanza, taa nyekundu inawaka, saa zinahesabu, kila kitu kinaonekana kinakwenda. Usiku nafungua kwenye kompyuta: mwanzo upo, watu wanaingia, keki, kisha mafaili yana majina na ukubwa, lakini ukiyafungua hakuna kitu. Maneno ya mama yake yote yalikuwa huko. Fundi aliniambia ndani ya ile kadi mlikuwa na nafasi ndogo sana, imedanganywa tu iseme 256. Ikishajaa inaendelea kujifanya inaandika. Duka walisema siyo yao. Yule mama alifariki kabla ya harusi.

Tangu hapo kadi yoyote, hata kama amenipa ndugu yangu, naijaza yote kwanza kwa programu ya kupimia. Kwenye Windows iko H2testw, kwenye Mac na Linux iko F3, zote ni za bure. Inaandika mpaka ukingoni kisha inasoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichopo. Inachukua muda mrefu na haijalishi. MwanaTanga, Pocket 3 haina hifadhi ya ndani hata kidogo, kadi ndiyo kila kitu. Nunua yenye alama ya V30 (ya kasi ya kuandika video), na uipime kabla hujarekodi somo lolote.

MwanaTanga
Pole sana dada. Nimekuelewa. Nitamwambia jamaa anunue kamera tu, kadi nitaitafuta na kuipima mwenyewe.

Bin Seif wa Muscat
Allah amrehemu. Ushauri wa kweli huo.

Mbezi Kwa Yusufu
Kuna mtu aliniambia kamera za Sony zinajizima zikifika dakika 29 kwa sababu ya joto. Ni kweli?

LenziKali
Unachanganya mambo mawili. Kikomo cha dakika 29 na sekunde 59 kilitokana na ushuru wa forodha wa Ulaya: kamera iliyoweza kurekodi nusu saa au zaidi ilihesabiwa kamera ya video na kutozwa ushuru wake, basi viwanda vikaweka kikomo. Joto ni habari nyingine.

Mbezi Kwa Yusufu
Lakini yangu ilikuwa inakata video vipande vipande.

LenziKali
Hiyo ni ya tatu sasa. Kadi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, kamera inaanza faili jipya. Hupotezi kitu, unaunganisha baadaye. Joto lenyewe lipo, na kwa Tanga mwezi wa pili lazima alifikirie. Kwenye menyu ya Sony kuna sehemu ya joto la kujizima, aweke juu. Na asirekodi 4K kwa video za WhatsApp. Kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, dakika moja inakula megabaiti 750, kisha WhatsApp inaibana mpaka haina maana. 1080p inatosha, inapunguza joto, inaokoa bando.

Mzee wa Filamu
Na aweke fremu 25, siyo 30. Umeme wetu ni hezi 50. Akirekodi bandani chini ya taa za mrija kwa fremu 30, picha itachezacheza na kupitisha mistari. Fremu 25, shata 1/50 ya sekunde. Kamera iliyotoka Marekani huja imewekwa NTSC, mfumo wa fremu 30, abadilishe iwe PAL, wa fremu 25.

Kisauni
Haya yote ya bandani sawa. Lakini amesema nusu ya kazi ni majini, boti inatembea. Nani hapa atampa jibu la hiyo nusu? Mashine inayokufa ukiipa mafuta huijui mpaka iwe imebeba boti. Ndani ya pipa la maji itanguruma vizuri tu, baharini inakufa. Hapo ZV-1F yenu haina kizuia mtikisiko cha lenzi, inakata kingo tu kwa programu, na chumvi inaingia.

MwanaTanga
Hilo nalo ni kweli kabisa. Kwenye pipa haina mzigo.

Nyakahoja
Ndiyo maana nilisema Pocket. Iko katikati: sentimita 20 siyo mbali, na botini haitikisiki. Tafuta mfuko wa plastiki ngumu.

LenziKali
Mfuko utazuia kichwa kisizunguke.

Nyakahoja
Kuna makasha yake maalumu.

LenziKali
Na kasha linafunika maiki. Tunarudi kwenye sauti.

MwanaTanga
Wakuu, nimeamua jambo moja kwa sasa: maiki ya kola na kadi nanunua kwanza, somo la kabureta nitalirekodi kwa simu Jumapili banda likiwa kimya. Kuhusu kamera, sitatuma mtu, nitashuka Dar mwenyewe na jeti mfukoni, nijaribu kuisogeza karibu na kila moja dukani. Nikisoma namba, nanunua. Ila hiyo habari ya botini inanipa mawazo, maana Action 4 kwa majini na simu kwa bandani inaweza kuwa ndiyo njia. Bado sijui.

Kisauni
Ukija Mombasa nitakuachia yangu uende nayo majini ukajaribu.

Mbezi Kwa Yusufu
Samahani kwa kuingilia uzi wa mtu. Hiyo betri ya ZV-1F ni NP-BX1 ileile ya ZV-1? Ninazo mbili za zamani, moja imevimba.

LenziKali
Ndiyo hiyohiyo. Iliyovimba usiichaji tena hata mara moja, itoe ndani ya nyumba leo.

Mbezi Kwa Yusufu
Na halisi zinapatikana wapi Dar? Nimeuziwa feki tayari.