Mshono wa tumbo unavuja siku ya 6

Swali: Wakuu, mgonjwa wa laparotomia (upasuaji wa kufungua tumbo), utumbo ulikuwa umetoboka. Leo bandeji imelowa ghafla maji mepesi mekundu, ngozi bado imeshikana, homa hana. Nibadilishe bandeji tu?

Jibu: Hapana, mkuu. Chukulia fashia (utando mgumu wa ukuta wa tumbo, chini ya ngozi) imeachia hadi ithibitike vinginevyo. Asile kitu, weka dripu, ita daktari wa upasuaji sasa hivi. Utumbo ukitokeza usiusukume ndani. Ufunike kwa shashi safi isiyo na vijidudu, iliyoloweshwa normal salaini (maji ya chumvi ya hospitali) vuguvugu, isiachwe ikauke.

Jibu: Mara nyingi uzi haukatiki, unachana fashia, hasa penye usaha. Mnapofunga, shikeni milimita 5 hadi 8 kutoka ukingoni, nafasi kati ya mshono na mshono milimita 5, uzi uliotumika uwe angalau mara 4 ya urefu wa jeraha. Msikaze mpaka nyama ipauke.

Jibu: Anakohoa? Kikohozi kitibiwe pia, kinavuta mshono.