Naomba ushauri: kuku na baridi ya Makete

Wakuu habari zenu, niko Makete, na wanaoijua Makete wanajua mwezi wa 6 na wa 7 huku si mchezo, asubuhi majani meupe kwa barafu. Nina kuku chotara wa mayai, banda la mabanzi, chini maranda (huku mashine za mbao kibao, maranda ni ya bure). Sasa mama watoto kazungushia turubai pande zote upepo usipite, joto kweli lipo ila ukifungua asubuhi harufu ya mkojo inachoma macho na bati kwa ndani linadondosha maji, halafu wawili watatu wameanza kukoroma usiku. Tukilitoa turubai nako wanarundikana kona moja wanalaliana. Jirani kanishauri niwawekee jiko la mkaa, mi hilo naogopa, ile moshi yake na maranda yakishika moto je? Mayai nayo yameshuka.

Mliofuga Makete, Mafinga, hata Limuru huko, juu karibu na bati mnaacha uwazi kiasi gani? Na kuwapa mahindi jioni ili wapate joto usiku, kunasaidia kweli? Na hao wanaokoroma niwatenge tu au dawa niwape wote?