Mada: Tunahamia Coralville, naomba msaada kuhusu shule

Kutoka: Mama Mapacha

Wandugu, jambo yenu. Tunatoka Texas kuja Coralville, jimbo la Iowa, kabla shule hazijafunguliwa, baba yao amepata kazi huko. Nina mapacha wasichana wanaingia darasa la 7. Mdogo wao anatimiza miaka 5 tarehe 20 Septemba. Tena nina mtoto wa dada yangu, ana miaka 19, alikuja kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla hajamaliza sekondari.

Kuna mtu kanisani ananiambia kwenye fomu ya shule niandike tunaongea Kiingereza nyumbani, la sivyo mapacha watafungiwa kwenye darasa la wageni mpaka wazeeke. Na huyu wa 19, wanasema muda wake umepita, aende tu kiwandani. Ni kweli?

Kutoka: Baba wa North Liberty

Karibu sana dada. Kabla ya fomu, nyumba. Mmeshasaini mkataba wa kupanga? Kama bado, msisaini kwanza. Wilaya ya shule ya Iowa City haifuati mipaka ya mji. Inachukua Iowa City yenyewe, Coralville, North Liberty, Hills, University Heights na mashamba ya jirani, lakini kuna mitaa ya Coralville na North Liberty iliyo chini ya wilaya nyingine kabisa, Clear Creek Amana, yenye sekondari yake ya juu kule Tiffin. Anwani inasema Coralville, shule ziko kwingine. Wenye nyumba wengi hawatakwambia, na wengine hawajui. Pigeni simu ofisi ya wilaya na anwani kamili mkononi, muulize watoto wa jengo hilo wanakwenda shule gani. Na ndani ya wilaya hiyohiyo, anwani ndiyo itakayoamua mapacha waje kusoma sekondari gani ya juu: West High, City High au Liberty.

Siku ya kuandikisha beba mkataba wa nyumba au bili ya umeme, vyeti vya kuzaliwa na kadi za chanjo. Darasa la 7 kuna chanjo za ziada, homa ya uti wa mgongo ikiwemo. Mkifikia kwanza kwa ndugu kwa sababu hamjapata pa kwenu, semeni hivyohivyo. Sheria ya nchi inawapa watoto wanaobanana kwa jamaa kwa kukosa nyumba haki ya kuanza shule mara moja, hata karatasi zikiwa hazijakamilika.

Kutoka: Mwalimu msaidizi, Iowa City

Mama Mapacha, shikamoo. Huyo wa kanisani usimsikilize.

Fomu inauliza mambo machache tu: mtoto alianza kuongea lugha gani, nyumbani mnaongea nini, yeye mwenyewe hutumia lugha gani zaidi. Andika Kiswahili, na kama kuna Kibembe au Kifaransa, andika pia. Kinachofuata ni mtihani wa kompyuta, hapa Iowa unaitwa ELPA21: kusikiliza, kuongea, kusoma, kuandika. Mtoto anavaa spika za masikioni, anasikia maelezo, anajibu kwa sauti kwenye maikrofoni. Wapo watoto wanaoongea Kiingereza kama maji, ukifika mtihani wa kuandika unaona kalamu imekwama. Huyo asipopata msaada atafeli sayansi na historia, na watu watasema ni mvivu.

Habari ya kufungiwa haipo. Anapimwa kila mwaka, akifaulu anatoka. Barua ya matokeo ikija na ukaona hutaki huduma, una haki ya kukataa, ila mtihani wa kila mwaka ataendelea kuufanya mpaka afaulu. Ukidanganya kwenye fomu, huo mlango wa msaada umeufunga mwenyewe.

Halafu hili la mkalimani, maana naliona kila wiki. Mama anaitwa shule, anakuja na binti yake wa miaka 11 atafsiri. Mwalimu anasema mtoto hajaleta kazi ya nyumbani tangu mwezi uliopita, binti anageuka: "Anasema ninafanya vizuri." Mama anatabasamu, anashukuru, anaondoka! Omba mkalimani, ni bure, ni wajibu wa shule. Mara nyingi ni sauti kwenye simu iliyowekwa mezani, na inaweza kuwa ya mtu wa Nairobi au wa Dar. Msipoelewana sema palepale, omba anayejua Kiswahili cha Kongo, au Kifaransa.

Huyu wa 19 aletwe! Iowa shule ya serikali ni bure mpaka miaka 21. Kama ana buletini zake (ripoti za alama) za Nyarugusu, hata zikiwa za Kifaransa, hata zimechanika, zije. Msitupe karatasi. Kila somo litakalokubaliwa linampunguzia safari ya kupata diploma ya sekondari, na miaka miwili si mingi, kwa hiyo asichelewe hata wiki moja.

Mdogo atakosa chekechea (kindergarten) mwaka huu kwa siku tano. Lazima awe ametimiza 5 ifikapo tarehe 15 Septemba. Ila kwa watoto wa miaka 4 kuna madarasa ya awali yanayolipwa na jimbo, saa chache kwa wiki. Nafasi hujaa, ulizeni leo.

Kutoka: Dereva wa basi la shule

Mimi ni wa Eldoret, naendesha basi la manjano. Kwa sheria ya Iowa, shule ya msingi na ya kati basi ni haki yake mtoto akikaa zaidi ya maili 2 kutoka shuleni, sekondari ya juu zaidi ya maili 3. Chini ya hapo ni miguu, au muulize kama kuna viti vya kulipia. Januari nimeona watoto wetu wakisubiri basi na viatu vya raba, soksi zimelowa theluji. Nunueni buti mwezi wa 10, mwezi wa 12 saizi za watoto zinakuwa zimeisha.

Kutoka: Mama Mapacha

Aksanti sana wandugu. Mkataba hatujasaini. Baba yao alikuwa anataka jengo moja karibu na Tiffin kwa sababu ni bei rahisi, kesho tunapiga simu na anwani mkononi. Buletini za kijana ziko tatu, moja imeliwa na mchwa upande wa juu lakini alama zinaonekana. Nani anajua mtu wa kutafsiri Kifaransa hapo Iowa City, asiyetoza ghali?

Kutoka: Mwalimu msaidizi, Iowa City

Usilipe mtu bado. Peleka zilivyo, waulize shule kama watazitafsiri wao.