Dondoo la majani limeamsha seli nyeupe za damu: ni mmea wenyewe au ni uchafu?

Swali

Ndugu wanajukwaa, nimetenga monositi na limfositi, aina mbili za seli nyeupe, kutoka damu ya binadamu, nikazigawa katika vijishimo vya sahani na kuziwekea vichocheo vitatu: lipopolisakaridi, ambayo ni sehemu ya utando wa nje wa baadhi ya bakteria, nanogramu 100 kwa mililita; PHA, ile protini ya maharage, na dondoo la majani ninalolichunguza. Lipopolisakaridi ilileta TNF nyingi, mojawapo ya protini ambazo seli za kinga hutoa ili kupeana ishara, baada ya saa 4 tu, ilhali PHA ilikawia, na interferoni gama, protini nyingine ya ishara, ikaonekana vizuri siku ya tatu. Dondoo langu limezifanya seli zitoe TNF na IL-6, nayo ni protini ya ishara, kwa mwendo uleule wa lipopolisakaridi. Kwa nini vichocheo viwili vya kwanza vinatofautiana hivyo, na je, naweza kuandika kwamba mmea huu unaamsha kinga ya mwili?

Jibu la 1

Vinatofautiana kwa sababu haviamshi seli zilezile. Lipopolisakaridi hupokelewa na protini ya plazma iitwayo LBP, ikakabidhiwa protini CD14 iliyo juu ya monositi, kisha ikafikishwa kwa kipokezi TLR4 kilichoambatana na protini MD-2. Kutoka hapo ishara hupitia protini MyD88 ndani ya seli hadi kimeng'enya IKK, ambacho hutia alama kwenye protini IκB ili iharibiwe. IκB ndiyo iliyokuwa imeizuia NF-κB, protini inayowasha jeni, nje ya kiini, na ikiondoka, NF-κB huingia na kuwasha jeni za TNF na IL-6. Yote haya hayahitaji seli kugawanyika, ndiyo maana saa 4 zinatosha. PHA hushika sukari zilizo juu ya limfositi T, zikiwemo za kipokezi chake cha antijeni. Limfositi hiyo hutoa kwanza IL-2, protini ya ishara inayoichochea kukua, hukua na kugawanyika, na interferoni gama huendelea kurundikana kwa siku kadhaa.

Jibu la 2

Nakusihi usiandike hivyo bado. Mwendo unaofanana kabisa na wa lipopolisakaridi ndio unaonitia shaka, kwa kuwa majani hubeba bakteria, ambao huenda wameacha lipopolisakaridi yao ndani ya dondoo, na monositi za binadamu huitikia lipopolisakaridi hata ikiwa chini ya nanogramu 1 kwa mililita.

Muulizaji

Ahsanteni sana. Niliwahi kulichemsha dondoo kwa nusu saa ili kuondoa uchafu, na TNF haikupungua hata kidogo.

Jibu la 2

Hilo linazidisha shaka. Kuchemsha huua bakteria na kuharibu protini nyingi, lakini lipopolisakaridi hustahimili. Vyombo vya kioo huoshwa na kuokwa kwa nyuzijoto 250 kwa dakika 30 ili kuiangamiza. Pima dondoo kwa kipimo cha LAL, ambacho hugundua lipopolisakaridi na kinachotokana na seli za damu ya kaa wa Limulus, kisha rudia jaribio ukiongeza polimiksini B, dawa ya kuua bakteria ambayo huishika lipopolisakaridi. Uwe na kijishimo kingine chenye lipopolisakaridi na polimiksini pamoja, ili uone kwamba kiasi ulichotumia kinatosha kweli kuizima. TNF ya dondoo ikizimika nayo, uliyokuwa ukipima ni bakteria wa majani. Isipozimika, usishangilie mapema, kwani polimiksini haigusi lipopeptidi za bakteria, yaani protini fupi zilizoungwa na mafuta, ambazo huamsha monositi kupitia kipokezi kingine, TLR2.

Jibu la 1

Naongeza jambo moja ambalo wengi hulisahau: pitisha kiyeyushi kitupu, bila majani, katika hatua zote za utengenezaji wa dondoo, kwa vyombo vilevile na kichujio kilekile, kisha ukiweke kwenye seli za mtu yuleyule siku hiyohiyo, ili ujue kama uchafu unatoka kwenye vyombo au kiyeyushi badala ya majani.